Nyuki wa Nyuma ya Nyumba: Tupige Hesabu Kwanza, Mzinga Baadaye



Vikundi vingi vya hapa Bamburi na vitongoji vyake, kuanzia Kiembeni mpaka Utange na Mwembelegeza, vinatafuta mradi mdogo usiohitaji shamba kubwa. Kuku wanataka chakula kila siku, na bei ya chakula cha kuku mnaijua wenyewe. Mboga zinataka maji, na maji huku kwetu mara nyingi ni ya kununua kwa mtungi. Basi katika mkutano mtu anasimama na kusema: "Kwa nini tusifuge nyuki? Nyuki anajitafutia chakula mwenyewe, haulizi hati ya shamba, na asali haiozi."

Maneno hayo ni ya kweli, lakini si ukweli wote. Nyuki ni mradi mzuri kwa kikundi chenye subira na mahali pa kufaa. Kwa kikundi chenye haraka, au kilichochukua mkopo wa kulipa kila mwezi, nyuki wanaweza kuvunja urafiki wa miaka mingi. Ndiyo maana katika makala haya tunaanza na mahali na hesabu. Mzinga tutaufikia baadaye.

Nyuki anakula wapi?

Nyuki anaweza kuruka kilomita 2 au 3 kutoka kwenye mzinga kutafuta maua, na hata zaidi akilazimika. Kwa hiyo usiangalie shamba lako peke yake. Angalia mtaa mzima. Je, kuna nini cha kula?

Sisi watu wa Pwani tumebarikiwa miti. Mnazi hutoa maua mwaka mzima, na wagema wanajua jinsi nyuki wanavyopenda tembo la mnazi. Mwembe na mkanju hutoa maua kwa msimu. Mkwaju na mwarobaini pia wana chakula cha nyuki. Ufukoni mwa hori, upande wa Mtwapa na upande wa Tudor, kuna mikoko, na kati ya mikoko yote mchu unasifika kwa nyuki.

Lakini tusidanganyike kwamba kila msitu ni shamba la nyuki. Wengi wetu tunayajua machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, ambako René Haller alianza kupanda miti mwaka wa 1971, na ambako wageni walianza kutembea mwaka wa 1984. Mti uliofungua njia pale ni mvinje, kwa kuwa unavumilia udongo mkavu wa chumvi. Ni mti wa ajabu, lakini chavua yake hubebwa na upepo, na maua yake hayana maji matamu ya kuwavuta nyuki. Mtu mwenye mivinje peke yake atapata kivuli kizuri kwa mizinga yake, lakini asali ataitafuta kwingine.

Chukueni siku moja mtembee mtaani kama kikundi. Andikeni miti mnayoiona na miezi inayotoa maua. Kama kuna miezi mitatu mfululizo isiyo na maua kabisa, jueni kwamba nyuki wenu wanaweza kuhama wakati huo. Nyuki wetu wa Afrika si kama wa Ulaya. Akikosa chakula au maji, au akisumbuliwa mara kwa mara, anafunga safari na kukuachia sanduku tupu.

Nyuma ya nyumba ni wapi hasa?

Hapa tuseme wazi. Ploti nyingi za Bamburi zina nyumba ya vyumba sita, vinane au kumi, wapangaji na watoto wao, uwanja mmoja wa kufulia nguo, na pengine mbuzi wawili wamefungwa kwenye mwembe. Hapo si mahali pa kuweka nyuki wanaouma. Hapana, hata mzinga mmoja.

Nyuki wetu ni mkali akilinda nyumba yake. Mmoja akiuma anaacha harufu inayofanana na ndizi mbivu, na harufu hiyo inawaita wenzake waje kuuma papo hapo. Mtu mzima anaweza kukimbia. Mbuzi aliyefungwa kamba hawezi, wala kuku aliye bandani, wala bibi mgonjwa aliyekaa barazani. Kuna na jambo jingine. Siku za kiangazi nyuki watafuata bomba linalovuja, kioski cha maji ya miwa, na mama anayeuza mabuyu ya sukari. Kila nyuki atakayeonekana mtaani ataitwa nyuki wa kikundi chenu, hata kama ametoka kwingine.

Kwa nyuki wanaouma sisi tunashauri hivi:

Mizinga iwe mbali na nyumba, njia, shule, kanisa, msikiti na zizi. Isiwe chini ya mita 100, na mita 300 ni bora zaidi. Pawe na ua wa miti au vichaka vya kuwafanya nyuki waruke juu kabla ya kufika kwa watu. Pasiwe na taa ya usiku karibu, kwa maana nyuki huvutwa na mwanga wa taa. Pawe na kivuli, maana jua kali huweza kuyeyusha masega. Pawe na maji umbali wa hatua chache: karai lenye maji na vijiti au mawe ya kukanyagia, ili nyuki wasizame.

Sehemu kama hizo bado zipo kwenye mashamba ya Utange na Mwembelegeza, na zaidi ukivuka kuingia Kaunti ya Kilifi. Kama shamba si lenu, ongeeni na mwenyewe na muandikiane. Watu wengi wa upande huu wa Kisauni wanaishi kwenye ardhi isiyo na hati kwa jina lao, na wanajua uchungu wa kuambiwa "ondoka" bila barua. Mzinga unahamishika, na hiyo ni faida yake kubwa. Hata hivyo karatasi yenye sahihi ya pande mbili inasaidia. Andikeni mizinga ni mingapi, itakaa muda gani, na mwenye shamba atapata asali kiasi gani.

Anayefikiria mikoko akumbuke kwamba huo ni msitu wa serikali, na Shirika la Misitu la Kenya ndilo linaloutunza. Msitundike mzinga huko kabla ya kupata ruhusa.

Mzinga gani?

Kuna aina tatu ambazo mtazisikia.

Wa kwanza ni mzinga wa gogo, ule wa wazee wetu. Gharama yake ni ndogo na nyuki wanaupenda. Ubaya wake ni kwamba kuvuna bila kuharibu watoto wa nyuki ni kazi ngumu, na kwa desturi unatundikwa juu ya mti. Ndiyo maana kazi hii ilikuwa ya wanaume.

Wa pili ni mzinga wa viunzi vya juu. Uliendelezwa hapa Kenya miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, na ndio unaojulikana nje kama mzinga wa Kenya. Ni sanduku refu lenye mbavu zilizoinama, na juu yake zimepangwa fito za mbao, moja kando ya nyingine. Nyuki hujenga sega moja chini ya kila fito. Unaning'inizwa kwa waya, kimo cha kiuno. Akina mama wanaweza kuuhudumia bila kupanda mti, na fundi wa mbao wa mtaani anaweza kuutengeneza.

Wa tatu ni mzinga wa Langstroth, wenye masanduku yanayopandana na fremu ndani yake. Unaweza kutoa asali nyingi, lakini unataka vipimo sahihi na mashine ya kukamulia. Kwa kikundi kinachoanza, sisi hatuushauri.

Basi tuchukue ule wa pili. Mkiuagiza kwa fundi, mwambieni jambo moja na msimame hapo hapo: kila fito iwe na upana wa milimita 32. Fundi asikisie. Fito zikiwa pana au nyembamba kuliko hapo, nyuki watajenga masega yanayovuka kutoka fito moja hadi nyingine. Hapo hamtaweza kutoa moja bila kurarua la pili, na mtakuwa mmenunua gogo kwa bei ya sanduku.

Sasa hesabu yenyewe

Tuseme kikundi kina watu 12 na kinataka mizinga miwili. Bei hizi ni za mfano wa kupigia hesabu. Zungukeni kwa mafundi na maduka, mfute za kwetu na kuandika zenu.

Mizinga 2 kwa 4,500: shilingi 9,000
Ovaroli 2 za nyuki zenye wavu wa uso, kwa 3,500: shilingi 7,000
Glavu jozi 2 kwa 500: shilingi 1,000
Buti za mpira jozi 2 kwa 800: shilingi 1,600
Bomba la moshi 1: shilingi 1,500
Patasi, kisu na brashi: shilingi 700
Ndoo 2 zenye vifuniko na kitambaa cha kuchujia: shilingi 1,200
Nguzo, waya na grisi: shilingi 2,000
Nta ya kuvutia nyuki: shilingi 500
Akiba ya matibabu na usafiri wa dharura: shilingi 2,500
JUMLA: shilingi 27,000

Angalieni vizuri. Wengi wanapouliza gharama za nyuki wanauliza bei ya mzinga. Lakini hapo mizinga yote miwili ni shilingi 9,000, yaani theluthi moja tu ya jumla. Theluthi mbili zilizobaki ni vitu vya kumlinda mtu, kushika asali kwa usafi na kuzuia wadudu. Kikundi kinachonunua mizinga na kusema "mavazi tutanunua baadaye" hakitafungua mizinga hiyo. Itakaa mpaka nondo wa nta waingie.

Mbona ovaroli mbili? Kwa sababu hakuna mtu anayefungua mzinga peke yake. Mmoja akianguka au wavu ukichanika, nani atamsaidia?

Gawanyeni 27,000 kwa watu 12. Kila mmoja ni shilingi 2,250. Kwa kuweka shilingi 100 kila wiki, mtafika kwa wiki 23. Si muda mrefu, na wiki hizo si za kupoteza. Ndizo za kutembea mtaani kuangalia maua, kutafuta mahali na kujifunza.

Je, pesa zitarudi lini?

Mwaka wa kwanza andikeni sifuri. Huenda nyuki wakaingia wiki ya pili, huenda wakaingia baada ya miezi minane. Wakiingia, wanahitaji muda wa kujenga na kuongezeka.

Kuanzia mwaka wa pili, tuseme kila mzinga wenye nyuki unatoa kilo 8 za asali safi kwa mwaka. Mahali pazuri na mfugaji mzuri hupata zaidi ya hapo, lakini sisi tunapiga hesabu ya tahadhari. Mkiuza kilo kwa shilingi 800, hizo ni shilingi 6,400. Toeni chupa 16 za nusu kilo kwa shilingi 40 kila moja, yaani 640. Unabaki na shilingi 5,760 kwa mzinga mmoja.

Mizinga yote miwili ikiwa na nyuki, mtapata 11,520. Toeni 1,500 za grisi, ukarabati na nauli, mnabaki na 10,020. Kwa mwendo huo 27,000 zenu zitarudi katika mavuno ya mwaka wa tatu, na kwa kuwa mwaka wa kwanza ulikuwa sifuri, huo ni mwaka wa nne tangu mlipoanza. Mzinga mmoja ukikaa mtupu, mnabaki na 4,260 kwa mwaka, na pesa zitachukua zaidi ya miaka sita ya mavuno kurudi.

Tunajua hesabu hiyo haipendezi kusomwa. Lakini ni afadhali mkasirike sasa na karatasi hii kuliko mkasirikiane baadaye nyinyi kwa nyinyi.

Na mizinga kukaa mitupu si jambo la kubuni. Kule Sagalla, Kaunti ya Taita Taveta, karibu na mbuga ya Tsavo Mashariki, wakulima wamezungushia mashamba yao mizinga iliyounganishwa kwa waya ili ndovu wasiingie. Uchunguzi wa miaka tisa uliochapishwa mwaka wa 2024 ulionyesha kwamba msimu wa mazao ndovu wengi sana walirudi nyuma walipofika kwenye ua huo. Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba ukame wa mwaka wa 2017 ulipunguza mizinga yenye nyuki kwa asilimia 75, na faida ya asali ikaathirika kwa miaka mitatu iliyofuata. Wale ni watu waliokuwa na wataalamu kando yao. Ikiwa ukame uliwafikia wao, na sisi tuuweke katika hesabu zetu.

Mkopo je?

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Mtu anaweza kuja na kusema: "Mizinga miwili ni mchezo wa watoto. Chukueni kumi kwa mkopo, mtatajirika." Na kwa kweli, ukitazama karatasi, kumi inavutia. Ovaroli, bomba la moshi na ndoo ni zile zile. Mzinga wa nyongeza, pamoja na nguzo zake na nta yake, ni kama 5,750 tu. Minane ya kuongeza ni 46,000, na jumla yote ni 73,000.

Lakini mkopo wa 73,000 unaanza kudaiwa mwezi ujao. Nyuki hawajui tarehe ya kulipa mkopo. Mwaka wa kwanza wote mtalipa kwa pesa za mfukoni: za samaki, za kufua nguo, za karo ya watoto. Atakayeshindwa kulipa ataanza kukosa mikutano, na mwishoni kikundi kitakufa huku mizinga ikining'inia shambani.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: nyuki waanzishwe kwa akiba ya kikundi, na kwa pesa ambazo kila mwanachama anaweza kukaa bila kuziona kwa miaka minne. Kama hamna pesa za namna hiyo, subirini. Anzeni na kuweka akiba.

Mkishapata ujuzi, mambo yanabadilika. Mzinga wa tatu wa shilingi 5,750, ukiingiwa na nyuki na kutoa zile kilo 8, unakaribia kujilipia kwa mavuno ya mwaka mmoja. Vifaa tayari mnavyo, na mikono imezoea. Acheni asali ya mizinga miwili ya kwanza inunue wa tatu, na wa tatu usaidie kununua wa nne. Haba na haba hujaza kibaba.

Kuanza, hatua kwa hatua

1. Jisajilini. Tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka wa 2022, kikundi kinahitaji wanachama wasiopungua kumi, katiba yake na viongozi wake. Ulizeni katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Katiba yenu iseme wazi asali itagawanywaje, na mtu akijitoa atarudishiwa nini.

2. Mwoneni afisa wa mifugo wa kaunti. Kazi ya nyuki iko chini ya idara hiyo. Mwombeni awaonyeshe mfugaji aliye karibu, na wanachama wawili au watatu wakashuhudie mzinga ukifunguliwa kabla hamjanunua chochote. Kuna atakayegundua siku hiyo kwamba kazi hii si yake, na hakuna aibu.

3. Tundikeni mizinga mapema, kabla ya majira ya maua yanayofuata mvua, maana huo ndio wakati makundi ya nyuki hutafuta nyumba mpya. Pakeni nta iliyoyeyushwa chini ya fito na mlangoni. Majani ya mchaichai yaliyosuguliwa ndani ya mzinga pia husaidia kuwavuta.

4. Zuieni sisimizi na siafu. Pakeni grisi kwenye waya zote na mkate majani yanayogusa mzinga. Siafu wakiingia usiku mmoja, asubuhi hamna kitu.

5. Kagueni kwa nje kila wiki mbili, kwa utulivu. Nyuki wakiingia, msiwasumbue kwa miezi miwili ya kwanza.

6. Wekeni daftari. Tarehe nyuki walipoingia, tarehe ya ukaguzi, maua yaliyopo, kilo zilizovunwa, pesa zilizotumika. Daftari hilo ndilo mwalimu wenu wa mwaka wa pili.

Kuvuna na kuuza

Fuata nyuki ule asali, ndivyo wahenga walivyosema, lakini hawakusema ule yote. Vuneni jioni jua linapozama, watu wakiwa wameshaingia ndani. Kwa moshi, sisi tuna bahati: makumbi makavu ya nazi hufuka vizuri kwenye bomba bila kuwaka moto. Msitumie plastiki wala mafuta ya taa, harufu huingia kwenye asali.

Toeni masega ambayo angalau robo tatu yake imefunikwa kwa nta nyeupe. Asali isiyofunikwa bado ina maji mengi, na asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 huchacha. Msiguse masega yenye watoto wa nyuki. Waachieni nyuki asali ya akiba, si chini ya masega mawili. Mkiwanyang'anya yote wanahama, na hawaagi.

Nyumbani pondeni masega kwa mikono safi, mchuje kwa kitambaa safi na kuacha asali ishuke yenyewe. Msichemshe. Nta inayobaki iyeyusheni kwenye maji ya moto, mchuje na kuacha igande. Mtaitumia kuvutia nyuki kwenye mzinga wa tatu, na nyingine mnaweza kuiuza kwa watengenezaji wa mishumaa.

Jambo moja dogo lenye pesa nyingi ndani yake: uzeni kwa kilo. Msiuze kwa chupa za kukisia. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4. Mtu anayejaza chupa ya lita moja na kuiuza kwa bei ya kilo anampa mteja gramu 400 bure kila mara. Kwa zile kilo 8 za mzinga mmoja, ni kama kutupa kilo mbili na zaidi.

Kuuza kwa majirani na marafiki mtaanza nako. Mkitaka kupanga chupa dukani au kwenye supamaketi mtadaiwa alama ya ubora ya KEBS, na hoteli zitataka asali safi ya aina moja kila mara. Hayo yaje baadaye, mkiwa na mavuno ya kutosha. Mkiongeza sukari siku moja tu, soko la mtaani mmeliua. Na kila mnunuzi mwambieni: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali, hata kidogo, kwa kuwa inaweza kuwa na vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvishinda.

Mtu akiumwa na nyuki

Akimbie moja kwa moja mpaka ndani ya nyumba na afunge mlango. Asisimame kupiga piga nyuki. Mwiba utolewe upesi kwa kukwangua na ukucha, maana unaendelea kusukuma sumu. Uvimbe na maumivu mahali alipoumwa ni kawaida. Lakini midomo au ulimi ukivimba, akipumua kwa shida, akitoka vipele mwili mzima, au akihisi kizunguzungu, hiyo si ya kungoja wala ya kupaka dawa ya mitishamba. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Hivyo hivyo mtoto au mzee aliyeumwa na nyuki wengi. Ndiyo kazi ya zile shilingi 2,500 za dharura. Zikae kwa mtu anayeishi karibu na mizinga, si benki.

Na wasio na mahali?

Kwa wenzetu walio kwenye ploti zilizobanana kuna njia moja ndogo: nyuki wadogo wasiouma, wale weusi kama sisimizi wenye mabawa wanaoingia kwenye tundu la ukuta au la mti. Wanaweza kukaa kwenye kisanduku kidogo chini ya upenu wa nyumba bila kumdhuru mtoto. Asali yao ni kidogo, pengine haifiki kilo moja au mbili kwa mwaka, ni nyepesi na ina uchachu, lakini wanunuzi huilipia zaidi. Msikate mti kuwatoa. Mtafuteni mtu anayejua kuwahamisha. Kwa njia hii kikundi hakitatajirika, lakini kitajifunza tabia za nyuki bila kugombana na mwenye nyumba.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika mtaa wetu, ni miezi gani haina maua? Nyuki watakula nini wakati huo?
2. Tuna mahali palipo mita 100 au zaidi kutoka kwa watu na mifugo? Nani mwenyewe, na tumeandikiana?
3. Kila mmoja wetu anaweza kuweka pesa ngapi bila kuzihitaji kwa miaka minne? Aseme mwenyewe, asisemewe.
4. Mzinga mmoja ukikaa mtupu mwaka mzima, tutaambiana nini?
5. Ni nani wawili watakaovaa ovaroli, na nani wawili watakaowasaidia wakiugua au wakisafiri?

Kikundi kikijibu maswali haya matano kwa pamoja, na karatasi ya hesabu ikiwa imejazwa kwa bei zenu, mko tayari kumwita fundi. Kikundi kitakachoona jibu la swali la pili au la tatu ni "hapana", kisihuzunike. Kimejiokoa shilingi 27,000, na akiba yake inaweza kufanya kazi nyingine nzuri.